Nani Hutukalia Kifuani Usiku?

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi wamelipata, wala hawalisemi mchana ila kwa sauti ya chini. Mtu ameamka usiku, macho yake ya wazi, aiona dari na dirisha na chandarua, walakini hawezi kuinua hata kidole. Ataka kuita, sauti haitoki. Kifua chake ni kizito kana kwamba mtu amekikalia. Na mara nyingi amwona mtu huyo, au amsikia akija, au ajua tu bila kuona ya kuwa yumo chumbani, naye amekuja kwa shari. Kisha ghafula kifungo chote hufunguka, akaketi kitandani, jasho likimtiririka.

Waswahili huliita jambo hili jinamizi, nao husema, "Nimekabwa na jinamizi." Wengine husema, "Nimewangiwa." Maneno haya mawili huweza kusemwa juu ya usiku ule ule mmoja, lakini hayaendi njia moja. La kwanza lataja tukio, la pili lamtafuta mtu. Na mtu akiisha kutajwa, mambo hayaishii kitandani tena.

Tuanze na habari iliyotufikia sisi wenyewe. Mke wa mwalimu mmoja kijijini kwetu alikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitatu, asiyelala ila asubuhi. Mumewe alikuwa amesafiri kwa kazi. Basi yule mama alikabwa usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Usiku wa tatu akamwona mwanamke aliyejitanda kanga kichwani, amesimama kando ya kitanda, kisha akampanda kifuani. Akamtambua. Alikuwa bibi mmoja mjane, aishiye nyumba ya tatu kutoka kwake. Wiki ile ile mbuzi wa bibi huyo walikuwa wamekula maharage ya yule mama, nao wakatupiana maneno makali.

Kulipopambazuka alikuja nyumbani kwetu, amembeba mtoto mgongoni, na shemeji zake wawili nyuma yake. Mkubwa wao akasema, "Mwalimu, hatukuja kuomba ruhusa, tumekuja kukuarifu. Bibi yule leo atahama."

Tukawakaribisha, tukawapa viti. Tukamwuliza yule mama, "Je, mlango ulikuwa umefungwa?" Akajibu, "Komeo lilikuwa mahali pake." Tukasema, "Basi alipita wapi?" Shemeji mkubwa akacheka kwa dharau, akasema, "Mwalimu, wanga hawapiti mlangoni." Hapo tukaona ya kuwa njia ile haina mwisho. Maana mtu akiisha kuamini hivyo, mlango ulio wazi ni ushahidi, na mlango uliofungwa ni ushahidi pia.

Ndipo tukawaambia neno ambalo tulikuwa hatujamwambia mtu ye yote. Tulipokuwa kijana wa miaka 13, tukilala katika bweni la shule mbali na nyumbani, wakati wa mitihani, usiku mmoja tulikabwa vivyo hivyo. Nasi tulimwona wazi aliyetukaba. Alikuwa mama yetu mzazi: uso wake, kitambaa chake cha kichwani, hata harufu ya moshi wa jikoni iliyokuwa katika nguo zake. Mama alikuwa nyumbani, safari ya siku nzima kwa basi. Hatukusema neno. Lakini likizo ilipofika tulirudi nyumbani tukakataa chakula cha mkono wake, tukisema tumeshiba, kisha tukaenda kula kwa jirani. Yeye alidhani ya kuwa elimu imetutia kiburi. Mambo hayo yalidumu likizo mbili. Mama amekwisha kufariki, wala hakuijua sababu.

Tukamwuliza yule shemeji, "Je, mama yetu alikuwa mwanga?" Akatazama chini. Mama yetu alikuwa mkunga, naye ndiye aliyempokea yeye siku aliyozaliwa. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza pole pole, "Basi, kama si mtu, ni nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo ni jema, nalo lastahili jibu lenye maana. Tulimjibu kwa kadiri tuwezavyo asubuhi ile, na hapa twalijibu kwa urefu zaidi.

Jambo la kwanza la kujua ni hili: jinamizi si la kijiji kimoja wala la kabila moja. Wajapani hulijua, nao huliita kanashibari, yaani kufungwa kama kwa chuma. Katika kisiwa cha Newfoundland, nchi ya Kanada, wavuvi walisimulia tangu zamani habari za kizee cha kike kinachokuja kumkalia mtu kifuani. Huko Brazili husimuliwa habari za Pisadeira, yaani mwanamke mwenye kukanyaga, ambaye hushuka kutoka darini akamkanyaga kifua mtu aliyelala na tumbo lililoshiba. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Marekani walikusanya hesabu za uchunguzi mwingi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wakakuta ya kuwa katika watu 100, karibu 8 wamepatwa na jambo hili angalau mara moja katika maisha yao. Katika wanafunzi 100, waliopatwa walikuwa karibu 28.

Tutazame sana habari hizi. Kule baharini Newfoundland hakuna mjane wa kijijini kwetu, wala Japani hakuna mbuzi wetu. Lakini kifua ni kile kile, na uzito ni ule ule, na hofu ni ile ile. Kinachobadilika ni sura ya mgeni. Kila mahali huvaa mavazi ambayo watu wa mahali pale wamezoea kuyaogopa.

Jambo la pili ni habari za usingizi wenyewe, na hapa twataka kuwasimulia kisa cha mtu mmoja ambaye naye alipata tukio asiloweza kulieleza. Jina lake Hans Berger, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1873. Katika miaka ya 1890, alipokuwa kijana katika mazoezi ya askari, farasi wake alimwangusha mbele ya gurudumu la mzinga uliokuwa ukivutwa na farasi wengine. Mzinga ukasimamishwa ukiwa karibu kabisa kumsaga. Jioni ile ikaja simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akimwuliza kama yu salama, kwa maana dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafula ya kwamba ndugu yake yumo hatarini.

Berger aliamini ya kuwa hofu yake ilisafiri hata kumfikia dada yake. Hakumtafuta wa kumshtaki wala wa kumtukuza. Alitafuta kujua, akawa daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, akatumia miaka mingi kutafuta nguvu iliyomo ndani ya kichwa cha mwanadamu. Mwaka 1924, kwa nyuzi za chombo chake, alipata kuandika juu ya karatasi mawimbi madogo ya umeme yatokayo katika ubongo wa mtu aliye hai. Akayachunguza tena na tena, akayachapisha mwaka 1929. Wengi hawakumsadiki, hata wataalamu wa Cambridge, Uingereza, walipoyathibitisha mwaka 1934. Njia ya mawazo kusafiri bila kinywa hakuiona kamwe. Lakini alichokiona kikawa mlango, na wengine wakauingia.

Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, jina lake Eugene Aserinsky. Huyu hakuwa na mali nyingi. Alichukua chombo kikuukuu, akambandika mwanawe wa miaka 8 nyuzi kichwani na kandokando ya macho, akamwacha alale, naye akakesha akiitazama karatasi. Katikati ya usiku akaona kalamu zaanza kwenda mbio, akadhani mtoto ameamka. Alipoingia chumbani alimkuta amelala kabisa, na huku macho yakienda huku na huko chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliitangaza habari hii. Walieleza ya kuwa kuna usingizi wa namna ya pekee, ambao mawimbi ya ubongo wake hufanana na ya mtu aliye macho, na mtu akiamshwa ndani yake, mara nyingi husema alikuwa akiota.

Usingizi huo hurudi takriban kila dakika 90, nao huwa mrefu zaidi kadiri alfajiri inavyokaribia. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja ya tano hata sehemu moja ya nne ya usiku wake.

Mwaka 1959, katika mji wa Lyon, Ufaransa, daktari Michel Jouvet alikuwa akiwachunguza paka. Akaona ya kuwa paka akiingia usingizi huo, ubongo wake wafanya kazi kwa bidii, lakini misuli yake yote hulegea, hata ya shingo. Mwili umefungwa. Ndipo akauharibu upande mdogo wa shina la ubongo wa paka kadhaa, mahali ulipo ufunguo wa kifungo hicho. Nao wakiingia usingizi ule waliinuka, wakanyemelea panya wasiokuwapo, wakapigana na adui wasiokuwapo, huku wamelala. Mwaka 1986 madaktari wa Minnesota, Marekani, walieleza habari za watu, wengi wao wanaume wazee, ambao kifungo hicho kimeharibika kwa ugonjwa. Huota wanapigana, nao hupiga kweli, wakamwumiza mke aliyelala kando.

Basi kifungo cha usiku si adui. Ni kama komeo ambalo mwili hujifungia wenyewe, ili mtu anapoota anakimbia asije akaruka dirishani. Kwa kawaida komeo hilo hufunguka kabla hatujaamka, nasi hatujui kama lilikuwapo. Lakini mara chache akili hutangulia kuamka, na mwili umechelewa. Mtu yu macho, na bado amefungwa, na ndoto haijamtoka kabisa. Hilo ndilo jinamizi.

Yule shemeji alipoyasikia haya aliuliza tena, "Na uzito wa kifuani je?" Jibu ni hili. Katika usingizi ule misuli ya mbavuni nayo hulegea, na pumzi huendeshwa na kiwambo kilicho chini ya mapafu peke yake. Mtu aliyelala hajali. Lakini aliyeamka kwa hofu ataka kuvuta pumzi kwa kifua chote, na kifua hakimtii. Aona kama amebanwa, na akili yake yamwambia ya kuwa kitu kibanacho sharti kiwe juu yake.

"Na mtu aliyeonekana je?" Sehemu ya ubongo iliyo kama mlinzi wa hatari hufanya kazi sana katika usingizi wa ndoto. Mtu akiamka hali mlinzi huyo apiga kelele, hutazama gizani akimtafuta adui, na ndoto humletea. Wala haihitaji usingizi ili jambo hili litokee. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi waliandika habari za mwanamke wa miaka 22 mwenye kifafa, ambaye walikuwa wakimchunguza ubongo ili kuujua mzizi wa ugonjwa wake. Walipopitisha umeme kidogo mahali fulani upande wa kushoto wa ubongo, alisema ya kuwa yuko mtu nyuma yake. Alipolala, mtu yule alilala. Alipoketi akakumbatia magoti, mtu yule naye aliketi, akamkumbatia, naye hakupendezwa. Walipoukata umeme, mtu yule alitoweka. Alikuwa ni yeye mwenyewe, yaani ubongo wake ukiuhesabu mwili wake mara mbili.

Yule mama aliyekabwa hakusema uongo. Alimwona bibi kweli, kama sisi tulivyomwona mama yetu kweli. Lakini kuona huko kulitoka ndani. Alikuwa amelala na hasira ya maharage, nasi tulikuwa tumelala na shauku ya nyumbani. Kila mtu akapewa uso uliokuwa karibu na moyo wake.

Mtu asiseme, "Haya ni mambo ya elimu tu, yatufaa nini?" Kwa maana watu wamekufa kwa ajili ya kutoyajua. Katika mji wa Salem, Massachusetts, huko Marekani, mwaka 1692, mama mmoja jina lake Bridget Bishop alishtakiwa kwa uchawi. Shahidi mmoja, John Louder, alieleza mbele ya mahakimu ya kuwa aliamka usiku kwa uzito mkubwa kifuani, akamwona Bridget amemkalia, akamkaba koo, naye hakuwa na nguvu ya kuinua mkono. Shahidi huyo mwenyewe alikiri ya kuwa walikuwa na ugomvi wa awali: kuku wa Bridget walikuwa wakiingia katika bustani ya bwana wake. Mahakimu wale walikuwa Wakristo, wasomaji wa Biblia, watu wenye heshima zao. Wakaupokea ushahidi wa jinamizi kama ushahidi wa mchana. Bridget Bishop alinyongwa tarehe 10 Juni, akawa wa kwanza. Kabla mwaka haujaisha watu 19 walikuwa wamenyongwa, na mzee mmoja wa zaidi ya miaka 80, Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, aliwekewa mawe mazito kifuani hata akafa. Yaani wale walioogopa kukandamizwa usiku ndio waliomkandamiza mtu mchana kweupe.

Gavana aliivunja mahakama ile Oktoba mwaka ule ule. Lakini jina la Bridget Bishop halikusafishwa kwa sheria ila mwaka 2001, miaka 309 baada ya kufa kwake. Neno la kumshtaki lilichukua asubuhi moja.

Wala tusiseme, "Hayo ni ya Wazungu wa kale." Mwaka 1995, kisiwani Pemba na kisha Unguja, ilizuka hofu kuu ya kiumbe kilichoitwa Popobawa. Watu wengi walisimulia ya kuwa kiliwajia usiku, kikawakandamiza wasiweze kusema wala kujitikisa. Watu wazima waliacha vitanda vyao wakalala nje pamoja, wakikesha kando ya moto. Si kila neno lililosemwa siku zile lilikuwa jinamizi, maana uvumi nao una miguu yake. Lakini waliochunguza baadaye walitambua jinamizi katika masimulizi mengi. Na katika hofu ile mtu mmoja aliyetoka bara, mwenye ugonjwa wa akili, aliuawa na umati mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Popobawa hakukamatwa. Aliyekamatwa alikuwa mgonjwa.

Kuku katika Salem, mbuzi kijijini kwetu. Ndugu, mwaona jinsi mambo haya yanavyofanana?

Turudi kwa wageni wetu wa asubuhi ile. Hatuwezi kusema ya kuwa wote waliondoka wameshawishika. Shemeji mdogo aliondoka amenuna. Lakini mkubwa alisema, "Tungojee kwanza," na kungojea huko kulitosha. Tulimwomba yule mama afanye mambo mawili: ampate wa kumsaidia mtoto mchana ili yeye alale, na usiku asilale chali bali ubavu. Mama mkwe wake akaja kukaa naye. Baada ya wiki mbili alitwambia ya kuwa jinamizi lilimrudia mara moja tu, akalikumbuka jina lake, akatikisa kidole cha mguu, likamwacha. Siku ile ile alikutana na bibi njiani akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akajibu, "Marahaba, mwanangu, mtoto hajambo?" Wala hakujua jinsi alivyokaribia kulala nje na mizigo yake. Habari ya maharage ilikwenda kwa balozi, kama ipasavyo habari ya maharage, naye bibi akalipa debe moja.

Sasa twawapa wazazi na waalimu maneno machache ya kushika nyumbani.

Lala na kuamka saa zile zile kadiri uwezavyo. Mtu aliyekosa usingizi, au mwenye kazi za zamu, au mwenye fadhaa kubwa, hupatwa zaidi. Ndiyo sababu mama wenye watoto wachanga na wanafunzi wa mitihani wasistaajabu likiwajia.

Lala ubavu, maana wengi hupatwa wakilala chali.

Likikujia, jua ya kuwa litapita lenyewe. Mara nyingi ni sekunde chache, au dakika chache tu. Usishindane nalo kwa mwili mzima, maana hofu huzidisha kubanwa. Vuta pumzi taratibu, ukajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Mwenye kutaka kuomba na aombe moyoni; sala haihitaji ulimi, wala haihitaji mtu wa kushtakiwa.

Ukimsikia mwenzako akiguna kwa shida usingizini, mguse bega na kumwita jina lake. Mara nyingi mguso mmoja hulifungua komeo.

Likirudi mara kwa mara, na hasa kama mtu asinzia mchana bila kujizuia, au magoti humlegea ghafula anapocheka, au hukoroma na pumzi ikakatika, na aende hospitali. Hayo ni magonjwa yenye majina na yenye dawa.

Nanyi waalimu wa bweni, neno letu kwenu ni moja. Mtoto akija asubuhi akisema amekabwa, msimcheke, wala msimwulize, "Ulimwona nani?" Swali hilo ndilo limzaalo mchawi. Mwulizeni, "Ulilala saa ngapi, na ulilala vipi?" Kisha mwambieni ya kuwa watu wa Japani na Brazili nao hupatwa, na ya kuwa hana ugonjwa wala laana. Lau sisi tungaliambiwa hivyo tulipokuwa na miaka 13, tungaliokoa likizo mbili za chakula cha mama.

Msomaji mmoja aweza kutuuliza, "Je, katika Maandiko Yusufu hakuambiwa neno katika ndoto? Mwataka kutuambia ya kuwa usiku hauna siri tena?" La, hatusemi hivyo. Jinsi nyama na damu ziwezavyo kujua ya kuwa 'mimi ni mimi' ni swali ambalo wenye elimu wangali wakilijadili hata leo. Lakini Yusufu yule, alipoamka katika ndoto yake, alimchukua mama na mtoto akawahifadhi. Ndoto ikimpeleka mtu kuhifadhi, na iendelee. Ikimpeleka kumhamisha mjane, na angoje kupambazuke, akanywe uji, akalale usingizi wa kutosha, kisha aifikiri tena. Tumeamriwa tusimshuhudie jirani uongo, na ushahidi wa macho yaliyo katikati ya kulala na kuamka si ushahidi wa kumtosha mtu yeyote.

Basi, wapendwa, leo usiku mkifunga milango, semeni habari hizi na watoto wenu kabla taa hazijazimwa. Na aliye na mtu moyoni ambaye alipata kumdhania kwa sababu ya jinamizi, na amwendee angali hai, amwamkie, akae ale kwake.